Misumeno mitatu ya betri kwenye kiwanja cha Shosho, Mutuini

Jumamosi, 1 Februari 2025

Leo nimezunguka kiwanja chote nikiwa na daftari. Shosho, nyanya yangu, alitangulia na mkongojo wake, akigonga kila shina na kunieleza nani alilipanda. Hesabu yetu ni hii: mikima (migrivea) 11 kwenye mpaka wa chini, miparachichi 2 mikongwe, muwati ulioanguka nyuma ya zizi tangu Novemba, na mkaratusi uliokauka ukiwa bado umesimama, hatua tisa kutoka langoni. Halafu kuna ua wa kaiyaba, mmea wa miiba, ambao umemeza nusu ya njia ya kuingilia.

"Mzee wangu," akaniambia (nimepewa jina la marehemu Guka, babu yangu, kwa hiyo kwake mimi ni mumewe), "huo wa langoni hautatuuliza siku ya kuanguka."

Masika huanza katikati ya Machi au karibu na hapo, na upepo unaotangulia mvua ndio unaovunja matawi. Aprili ya mwaka jana, ile ya mafuriko, tawi la mukima lilitua juu ya zizi likakunja mabati matatu. Ng'ombe alikuwa nje, tunamshukuru Mungu. Mwaka huu nataka matawi yawe chini kabla ya tone la kwanza.

Fundi wa pawasoo, yaani msumeno wa mnyororo wa petroli, anayekaa hapa stendi anataka Sh12,000 kwa siku mbili, pamoja na nusu ya kuni. Ni fundi mzuri na bei yake naielewa. Lakini kazi ya kiwanja haiji kwa siku mbili mfululizo. Huja nusu saa leo, dakika ishirini wiki ijayo: tawi limelalia kamba ya nguo, gogo linatakiwa likatwe vipande Shosho apate kuni za jioni. Kwa kazi ya namna hiyo nimeanza kuwaza msumeno wa mnyororo unaotumia betri. Mitatu naweza kuishika bila kununua, kwa hiyo nitaijaribu yote kwenye miti ile ile, niandike ninachokiona, ndipo nitoe pesa.

Wa kwanza ni mdogo, wa volti 18, ubapa wake (chuma kirefu kinachozungukwa na mnyororo) sentimita 25. Nimeuazima kwa mwenzangu wa kazini. Wa pili hubeba betri mbili za volti 18 kwa pamoja na ubapa wake ni sentimita 35. Duka moja la Industrial Area limekubali kunikodisha bila betri, kwa kuwa betri zinazoingia humo ninazo tayari: ndizo ninazotumia kwenye drili na grainda. Wa tatu ulikuja na shemeji kutoka Marekani Krismasi iliyopita. Umeandikwa volti 40, ubapa sentimita 35.

Jumanne, 4 Februari

Siku nzima imeliwa na chaja ya shemeji.

Chaja ya kwanza iliungua mwezi uliopita. Ilitengenezwa kwa volti 120 za Marekani. Soketi zetu hutoa 240. Mpwa wangu aliichomeka kupitia adapta, akidhani adapta hubadilisha na umeme pia. Adapta hubadilisha umbo la pini tu. Ulisikika mlio mmoja, harufu ikajaa sebuleni, na chaja haikuwaka tena. Simlaumu, kwa sababu chaja ya simu hufanya kazi popote na ndiyo aliyoizoea. Tofauti iko kwenye maandishi madogo yaliyo mgongoni: palipoandikwa 100–240, chomeka, palipoandikwa 120 peke yake, usiguse soketi kabla ya kupata transfoma.

Ya pili imeletwa na mtu aliyekuwa anakuja huku. Leo nimepita Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, nikapata transfoma ya kushusha volti 240 hadi 110. Chaja imeandikwa wati 180, nami nimechukua transfoma ya wati 500 ili isifanye kazi ikiwa imebanwa. Ni nzito kama tofali la mawe. Jioni imejaza betri bila shida, na nimeishika kila baada ya dakika kumi: vuguvugu tu.

Kwa wenye ndugu ng'ambo, kuna jambo jingine la kujua kabla hamjamwomba mtu awabebee. Betri za lithiamu hupimwa kwa wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri hubeba, katika safari za ndege. Isiyozidi 100 abiria huibeba kwenye mzigo wa mkononi. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege litoe ruhusa, na si zaidi ya mbili za akiba. Ikipita 160, abiria haruhusiwi kusafiri nayo kabisa. Wati-saa hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya shemeji ni ya ampea-saa 4, na wati-saa zake ni 144, kwa hiyo ilipita kwa ruhusa. Angechukua ile kubwa zaidi aliyokuwa ameitamani, ingeachwa uwanjani.

Lakini ngoja. 40 mara 4 ni 160, si 144. Hapo ndipo nilipokaa na kalamu hadi saa nne usiku, na nimefurahi kwamba nilikaa.

Ndani ya betri hizi kuna seli ndogo zilizopangwa moja baada ya nyingine. Kila seli ya lithiamu ina volti 3.6 kwa wastani wa kazi, na hufika karibu 4 au zaidi kidogo ikiwa imetoka tu kwenye chaja. Seli 10 zikifuatana zinatoa volti 36 za kazi, au 40 za kilele. Muuzaji wa Marekani huandika kilele. Betri yangu ya volti 18 ina seli 5 zinazofuatana. Kule Marekani betri ya aina hiyo hiyo huandikwa 20. Nikiweka mbili zangu pamoja, ni seli 10. Kwa maneno mengine, "40" ya shemeji na "18 mara mbili" ya Industrial Area ni volti zile zile 36. Nilikuwa nadhani nina misumeno ya nguvu tatu tofauti. Ninayo ya nguvu mbili.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya kwanza ya kukata, muwati tu, hakuna kupanda wala kuangusha.

Vifaa vya kinga vimenigharimu karibu kama vile msumeno mdogo ungenigharimu ukiwa mpya, na sijutii shilingi hata moja: helmeti yenye wavu wa uso, viziba masikio, glavu, buti zenye chuma puani, na suruali ya kinga. Hiyo suruali ina nyuzi ndefu ndani ambazo mnyororo ukizigusa huzivuta na kukwama kwenye gia kabla ya kufika kwenye nyama. Fundi wengi hapa hukata wakiwa na ndala. Nimewaona tangu utotoni na sitaki kuwa mmoja wao.

Hatari ya msumeno wa betri ni ukimya wake. Wa petroli ukiwa umewashwa, kijiji kizima kinajua. Huu ukiachia kitufe unanyamaza kabisa, unaonekana umelala, na kidole kikigusa kitufe mnyororo unakimbia papo hapo. Kwa hiyo nimejiwekea sheria moja isiyo na udhuru: kabla mkono haujagusa mnyororo, betri iwe imetoka na iko juu ya meza. Hata kama ni kuondoa unga tu. Nimemfundisha mpwa sheria hiyo kabla ya kumfundisha kitu kingine chochote. Pili, nusu ya juu ya ncha ya ubapa isiguse mti. Ikigusa, msumeno unapiga teke kuelekea usoni kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikwepa. Breki ya mnyororo ipo kwa ajili hiyo, nami huijaribu kila ninapoanza.

Kuhusu oili: misumeno yote mitatu ina tangi dogo la kulainisha mnyororo, kwa sababu kuwa na betri hakuondoi msuguano. Jirani alinipa kopo la oili chafu ya gari, akisema ndiyo mafundi wote hutumia. Nimemshukuru nikaiweka kando. Oili hiyo imebeba vumbi la chuma la injini, huziba pampu ndogo ya msumeno, na kila tone linaruka kutoka kwenye mnyororo hadi ardhini. Hatua mbili kutoka kwa muwati huu kuna sukuma wiki ya Shosho. Nimenunua oili ya mnyororo.

Muwati ni mti mgumu na huu ulikuwa umekaa miezi mitatu chini. Misumeno yote mitatu iliukata. Mdogo ulikuwa mwepesi mkononi, kilo 3.4 kwenye mizani ya viazi, betri ikiwamo. Wa betri mbili kilo 5.2. Wa shemeji kilo 5.6, na ulikuwa unatoa unga laini kama wa mahindi badala ya maranda. Niliandika "unga?" pembeni mwa ukurasa, nikaendelea.

Jumamosi, 15 Februari

Leo ndiyo siku niliyoingojea: kuhesabu.

Kijana anayejua kupanda alikuja asubuhi, akashusha matawi ya mikima miwili kwa panga na msumeno wa mkono, kamba kiunoni. Mimi sipandi na msumeno wa mnyororo, wala sitausimamia juu ya ngazi. Mukima, kwa asiyeujua kwa jina la Kikuyu, ni mgrivea, mti wa mashariki mwa Australia ulioletwa huku kuipa kivuli kahawa na chai. Ukiondoa matawi yote ukaacha shina, unachipua tena, na ndiyo maana umejaa mipakani kuanzia hapa hadi Kiambu: unavuna kuni na mti unabaki.

Tulichagua matawi manene yaliyonyooka, kipenyo sentimita 15 au karibu na hapo, mabichi yote. Betri zote zilijazwa usiku. Kazi ilikuwa kukata visahani vya unene wa vidole viwili, mpwa anahesabu kwa sauti, mpaka msumeno uzime wenyewe. Shosho aliketi kwenye kiti chake kivulini akiandika vistari kwa kijiti mchangani, kuhakikisha mpwa hakosei. Hawakutofautiana hata mara moja.

Mdogo wa volti 18, betri ya ampea-saa 5: visahani 36, kila kimoja takriban sekunde 12.

Wa betri mbili, kila betri ampea-saa 5: visahani 71, sekunde 8.

Wa shemeji, ampea-saa 4: visahani 41, sekunde 11.

Mpwa aliruka kwa furaha kwa ajili ya ule wa pili na kuuhurumia wa shemeji. Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Mdogo ulikuwa umekata karibu nusu kamili ya ule wa betri mbili, kwa kutumia nusu ya betri.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya kanisa, hesabu.

Kisahani cha kipenyo cha sentimita 15 kina uso wa sentimita mraba 177. Ukizidisha kwa idadi na kugawanya kwa wati-saa, unajua kila wati-saa imekata kiasi gani cha mti. Mdogo una wati-saa 90: sentimita mraba 71 kwa kila wati-saa. Wa betri mbili una 180: sentimita mraba 70. Wa shemeji una 144: 50.

Basi kati ya mdogo na mkubwa, mti unadai umeme ule ule. Volti hazikuongeza hata kuni moja, zimeongeza mwendo. Ukitaka kujua utakata kiasi gani kabla ya kurudi kwenye chaja, angalia wati-saa, kama vile dereva anavyoangalia ukubwa wa tangi. Madukani volti huandikwa kwa herufi kubwa kama kiganja, na wati-saa huandikwa chini ya betri kwa herufi za kusoma na tochi. Ningependa iwe kinyume.

Lakini wa shemeji unanisumbua. Volti zile zile, ubapa ule ule, halafu theluthi moja karibu imepotea. Nimerudi ukurasa wa Jumamosi iliyopita na kuliona lile neno: "unga?"

Jumatano, 19 Februari

Stima imepotea tangu saa kumi na moja jioni. Betri zote zimejaa, nami nimeutumia mwanga wa simu kuandika haya. Kuhusu gharama: hata uniti ikiwa Sh30, kujaza wati-saa 180, ukihesabu na kinachopotea kwenye chaja, ni kama Sh6 au 7. Lita ya petroli Nairobi sasa, Februari 2025, imepita Sh170, na bado kuna oili ya kuchanganya, mililita 20 kwa kila lita kwa mashine nyingi.

Jumamosi, 22 Februari

Mkaratusi wa langoni. Kibali cha kuukata tulishakipata, na nimekataa kuuangusha mwenyewe. Mti mkavu hauna uzito wa kutabirika, matawi ya juu hukatika kwa mtikisiko tu, na upande mmoja kuna waya wa stima wa jirani. Nimemwita fundi wa pawasoo. Amefika na Stihl yake ya petroli iliyochakaa rangi lakini mnyororo unang'aa.

Amekata mdomo upande wa kuangukia, akaja nyuma, akaacha ukanda wa mti katikati kama bawaba ya mlango, na mkaratusi ukalala pale pale alipouelekeza. Dakika ishirini, na kumi na tano kati ya hizo alikuwa anautazama tu. Nilimlipa kwa moyo mweupe. Kuna kazi ambayo unalipia macho ya mtu.

Shina lilikuwa na kipenyo cha sentimita 32, kavu, gumu kama mfupa. Nikaleta misumeno yangu.

Mdogo ulizima mara mbili katikati ya mkato mmoja. Ubapa wa sentimita 25 haufiki ng'ambo, ilibidi nizunguke, na betri ilitoka ikiwa moto wa kutoshikika. Sababu ni ya darasani. Ili kupata wati 1,100 kutoka volti 18, betri lazima isukume ampea 61. Kutoka volti 36 ni 31 tu. Joto kwenye seli na nyaya hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo mara mbili ni joto mara nne. Msumeno ulijizima ili ujilinde, na ulifanya vizuri. Hapa ndipo volti zina maana: katika unene. Tawi la sentimita 15 halikuonyesha hilo. Gogo la 32 limelionyesha.

Wa betri mbili ulipita shina lote kwa dakika moja hivi. Mikato 8, betri zikaisha. Fundi alikata wa tisa kwa sekunde ishirini, akazima, akaushika wangu akaugeuza-geuza.

"Mkubwa, huu ni mzuri," akasema, "lakini hausikiki. Utaua mtu aliye nyuma yako."

Nikamwambia ndiyo sababu ya helmeti ya rangi ya machungwa na mpwa kukaa ng'ambo ya kamba. Akakubali. Akasema pia kwamba misumeno ya stima ni mambo ya juzi. Nikamweleza kwamba ile ya kwanza ya Andreas Stihl, mwaka 1926, iliendeshwa kwa stima na kubebwa na watu wawili. Ya petroli ilifuata baadaye. Alicheka kwa furaha ya kweli akasema atawaambia wenzake.

Tuliongea pia juu ya mwinuko. Mutuini tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi, hivyo mashine yake hapa inafanya kazi ikiwa imepungukiwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa. Mota ya umeme haipumui hewa hiyo. Aliniambia amewahi kulihisi hilo aliposhuka Mtito Andei kufanya kazi, lakini alidhani ni petroli ya huko.

Jumapili, 23 Februari

Kunoa. Nimewaza juu ya lile neno "unga" wiki nzima.

Jino kali huchonga maranda, vipande vyenye kona. Jino butu husaga, na kinachotoka ni unga. Mnyororo wa shemeji ulikuwa umekata huko Marekani, sijui ulikata nini, na hakuna aliyewahi kuugusa kwa tupa. Nimeubana ubapa kwenye jiriwa, betri ikiwa mezani, nikachukua tupa ya duara ya milimita 4, ambayo ndiyo saizi ya mnyororo wa aina yake. Tupa inashikwa kwa pembe ya nyuzi 30, inasukumwa kutoka ndani kwenda nje, kamwe hairudishwi ikiwa imegandamizwa. Misukumo mitano kwa kila jino, sawa kwa yote, upande mmoja kwanza kisha mwingine. Usipohesabu, upande mmoja utakuwa mrefu kuliko mwingine na msumeno utakata kwa kupinda. Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachoamua jino liingie mtini kiasi gani. Hicho nacho hushushwa kidogo kidogo kwa tupa bapa, kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Ukikishusha zaidi ya hapo msumeno unakuwa mkali kwa ukorofi na unapiga teke.

Umbo hili la jino lina asili ninayoipenda. Mwaka 1946 Joseph Cox, mkata miti wa jimbo la Oregon, alimtazama buu anayekula mbao, akaona taya zake zimepinda kama herufi C na zinakata kulia na kushoto, ukienda au ukikatiza nyuzi za mti. Akatengeneza mnyororo kwa mfano huo na kuanza kuuza mwaka uliofuata. Minyororo yetu yote ni vizazi vya buu yule.

Saa tisa tulirudia hesabu kwa msumeno wa shemeji, matawi ya siku ile ile yaliyobaki, kipenyo kile kile. Visahani 55. Sekunde 8. Sentimita mraba 68 kwa wati-saa.

Kutoka 41 hadi 55 kwa tupa moja. Betri ni ile ile, msumeno ni ule ule. Ningenunua betri kubwa zaidi kutafuta visahani hivyo 14, ningelipa maelfu kwa kitu kilichokuwa kwenye meno. Shosho alitazama maranda yakiruka akasema panga la Guka halikuwahi kulala bila kunolewa.

Jumamosi, 1 Machi

Nimenunua. Ule wa betri mbili, mwili tu, bila betri wala chaja.

Nataka kuandika sababu kwa uaminifu, kwa sababu si kwamba ulishinda kwa kila kitu. Ukiwa mkali, wa shemeji ni sawa nao kwa kila kipimo nilichonacho. Lakini wa shemeji unaishi kwa betri moja, ambayo ikifa itabidi mtu alete nyingine kwa ruhusa ya ndege, na chaja moja inayotegemea transfoma ya kilo nne. Wangu unakula betri ambazo nikimaliza kukata narudisha kwenye drili, na hapa Nairobi nazipata nikizihitaji. Chaja yangu hujaza moja kwa takriban dakika 45. Mtu aliye na vifaa vya volti 18 vya kampuni fulani aanze hapo, atazame msumeno gani unaingia betri zake. Asiye na chochote achague kwanza betri inayouzwa na kutengenezwa karibu naye, halafu msumeno ufuate.

Nasikitika kuurudisha ule mdogo. Kwa kaiyaba hakuna mfano wake. Miiba ya kaiyaba ni mirefu kuliko kifundo cha kidole, unataka kukata ukiwa mbali na haraka na mikono isichoke, na kilo 3.4 ilinifanyia ua wote kwa betri moja na robo. Kwa Shosho, au kwa mtu ambaye mti wake mnene zaidi ni tawi la parachichi, ningemwambia achukue huo na aachane na mkubwa. Nilimwambia hivyo mwenzangu wa kazini alipouliza kama yeye abadilishe. Asibadilishe.

Jumamosi, 8 Machi

Mikima 9 iliyobaki. Kijana juu, sisi chini, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Betri nne kwa zamu, mbili msumenoni na mbili kwenye chaja. Mbili nimeziazima kwa mwenzangu yule yule. Betri ikitoka moto naipumzisha kivulini kwanza, maana lithiamu iliyojazwa ikiwa na joto huzeeka mapema.

Mukima wa saba ulikuwa na seng'enge ndani yake. Guka aliipigilia zamani na mti ukaimeza. Kwa nje hapakuonekana hata kovu. Cheche zilitoka, mnyororo ukalia, nikaachia. Meno manne yameng'oka ncha. Nimetoa betri, nikanoa palepale juu ya kisiki kwa dakika ishirini na tano, na kwa yale manne ilibidi nishuke hadi kwenye chuma safi, kisha nikayashusha mengine yote yalingane nayo. Kuanzia sasa mti wa mpakani nitaugonga na kuupitishia sumaku kabla ya kukata.

Kuni zimepangwa kando ya zizi, ukuta wa urefu wangu. Shosho ameomba visahani vyote, vile vya hesabu na vya leo. Sikujua anavitakia nini.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua imeanza usiku saa nane, na upepo wake. Nimeamka nikasikiliza. Mabati yalipigwa na mvua tu.

Asubuhi nimekuta Shosho amevipanga visahani kutoka mlango wa jikoni kuelekea kwa ng'ombe, akavizamisha kwenye udongo kimoja kimoja, akaacha nafasi ya mguu wake. Anasema vimefika hadi kwenye nguzo ya pili ya zizi na vimeisha hapo. Nimepima kwa hatua: zimebaki sentimita mia nne za njia hivi. Jumamosi mvua ikinyamaza nitamkatia.